Mtunza Vyombo wa Al Rayyan

"Twaha ameniambia weye ni mkubwa wa idara pale makumbusho," Bi Sabra alisema, akinisogezea sahani ya biriani. "Mashaallah. Msichana mdogo hivi!"

Mkono wangu ulikwishanyooka kuipokea sahani. Ukabaki hewani.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, nyumbani kwa mjomba wake Twaha, Mzee Abdulrahman, kwenye fleti yake ya ghorofa ya tatu, mtaa wa Najma. Bi Sabra, mama yake Twaha, alikuwa ametoka umra, na kabla ya kurejea Unguja alipitia Doha siku nne kumwona kaka yake na, kwa maneno yake mwenyewe, "kumwona huyo aliyemwondolea mwanangu usingizi." Huyo ndiye mimi, Arafa binti Mbwana, wa Muheza. Nilikuwa nimevaa abaya mpya ya rangi ya zabibu na nimejitia udi mpaka dereva wa teksi akafungua dirisha.

Nilimtazama Twaha. Twaha aliitazama glasi yake ya sharubati kana kwamba imeandikwa kitu ndani.

"Makumbusho gani, mama?" niliuliza.

"Si hayo ya vitu vya Kijapani. Hebu nisimulie, una wafanyakazi wangapi chini yako?"

Ningeweza kutabasamu na kusema watano. Ingekuwa rahisi. Mchana ule ungepita, na posa ingekuja, na mimi ningeishi ndani ya uongo kama mtu anayevaa viatu vya kuazima. Lakini baba yangu ni fundi seremala, na tangu utoto nilimsikia akisema mbao mbovu huipaki rangi, unaitoa.

"Mama, sifanyi kazi makumbusho," nilisema. "Nafanya kazi ndani ya nyumba ya watu, Al Rayyan, kwa bibi mmoja anaitwa Mama Lulwa. Nilikuja hapa miaka sita iliyopita kupiga deki na kupiga pasi. Siku hizi natunza vyombo vyake vya kale vya Kijapani."

"Vyombo?" Bi Sabra alitamka lile neno polepole. "Unaosha vyombo?"

"Vinavyooshwa naviosha. Vingine maji yakivigusa vinakufa."

"Kwa hiyo weye ni khadama."

Neno hilo nilikuwa nimelisikia mara elfu katika mji huu, sokoni, kliniki, kwenye lifti. Halikuwa limewahi kuniuma. Siku ile liliniuma kwa sababu Twaha alilisikia na akanyamaza.

"Ndiyo, mama. Na kazi yangu naijua."

Mzee Abdulrahman akakohoa. "Jamani, tuleni kwanza. Wali unapoa."

"Kaka, acha upoe," Bi Sabra alisema. Hakupaza sauti, wanawake wa aina yake hawahitaji. "Mimi nikirudi mtaani kwetu Malindi majirani wataniuliza, mwanao kapata mchumba, anafanya nini huko? Niwajibu nini? Kwamba Twaha kavuka bahari kwenda kuoa mtumishi wa Waarabu? Na baba yake alikuwa karani mkuu wa forodha?"

Nilimsubiri Twaha. Nilimpa muda wa kumeza mate, muda wa kukaa vizuri, muda wa kunitazama. Aliponitazama macho yake yalikuwa yanaomba.

"Mama," alisema, "hayo tutazungumza baadaye."

Basi. Hayo ndiyo maneno aliyoyapata.

Nilikwenda kunawa mikono ambayo haikuwa imegusa chakula. Nikarudi, nikampa Bi Sabra mkono kwa adabu zote. "Ahsante, mama. Sijala, lakini nimeshiba. Safari njema."

Twaha alinikuta kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza. Alikuwa amevaa kandambili zisizofanana, moja ya mjomba wake.

"Arafa, subiri! Nisikilize kwanza."

"Umeniambia nini tulipokuwa mezani, nikusikilize sasa?"

"Humjui mama yangu. Nilitaka akuone kwanza, akupende. Halafu ningemwambia taratibu."

"Ampende nani? Mkubwa wa idara? Basi kamtafute umuoe."

"Usiseme hivyo, mpenzi."

"Twaha, ungemwambia nina hasira za karibu, ningekubali. Ungemwambia sijui kupika biriani, ni kweli. Lakini wewe umeichukua ile sehemu yangu ambayo naipenda kuliko zote, ukaifunika shuka kama maiti. Umenionea haya."

"Wallahi sikukuonea haya."

"Mtu asiyeona haya angefungua mdomo."

Alishika mkono wa ngazi. Alikuwa na kidevu kile nilichokipenda, chenye kovu dogo la utotoni, na macho mazito ambayo kwa miezi kumi na minne yalikuwa yakinitafuta kila gari lake lilipoingia kwenye geti letu. Moyo wangu ulimkimbilia. Miguu yangu ilishuka ngazi.

"Usinipigie simu," nilimwambia. Nikaondoka.

Niliporudi Al Rayyan sikwenda chumbani kwangu. Nilikwenda kwenye chumba cha vyombo, nikawasha taa ndogo, nikakaa chini kwenye zulia.

Chumba kile kilikuwa cha marehemu mume wa Mama Lulwa. Alikuwa akienda Japani kwa biashara, na kila safari alirudi na kitu: visanduku vyeusi vya mbao vilivyopakwa laka, utomvu wa mti unaokauka ukang'aa, na kuchorwa kwa vumbi la dhahabu, vifungo vidogo vya pembe vyenye sura za sungura na vizee, bakuli, mitungi. Alipofariki, hakuna mfanyakazi aliyetaka kuingia mle. Waliogopa kuvunja. Mimi nilikuwa na miezi minane tu Doha nilipoambiwa nikafute vumbi, na nilipofungua kabati la kwanza nikaona sanduku lina ufa kama wa midomo wakati wa kiangazi. Nikamwambia Mama Lulwa kwa Kiarabu changu cha kuvunjika, "Mama, hii kiyoyozi inaikausha. Ni mbao hii. Mbao inataka kunywa." Nikaweka bilauri ya maji kwenye pembe ya kila kabati. Nyufa hazikuongezeka.

Mwaka uliofuata Mama Lulwa alimleta fundi mzee kutoka Kyoto kwa wiki mbili, na nikapewa kazi ya kumshikia sinia. Hatukuwa na lugha moja. Alinifundisha kwa mikono. Aliponiona nimevua pete kabla ya kugusa kitu, bila kuambiwa, aliinama. Tangu siku hiyo nilijifunza kwa simu, kwa vitabu vya marehemu, kwa madaftari. Nilijifunza kusoma majina ya mafundi yaliyoandikwa chini ya vyombo. Yalikuwa themanini na tatu hadi wakati huo. Daftari langu nililiandika kwa Kiswahili, kwa sababu nilitaka kuelewa kabla ya kujifanya nimeelewa.

Na Twaha nilimpata humo humo. Alikuwa dereva wa magari ya wageni wa hoteli, akamleta mfanyabiashara mmoja na sanduku. Alilishika kwa mfuniko. Nikampigia kelele, "Wewe! Shika chini, kwa mikono miwili! Unadhani hilo ni begi la sokoni?" Akashtuka kusikia Kiswahili. Akalishika kwa mikono miwili, akanitazama juu ya mfuniko, akasema, "Samahani, mwalimu." Wiki nzima nilicheka peke yangu.

Usiku ule sikucheka.

Jumamosi saa nne asubuhi gari liliingia getini, na nilijua injini yake kabla sijaiona. Mama Lulwa alikuwa anamtarajia Bwana Henry, muuzaji wa vitu vya kale kutoka Ulaya aliyefikia hotelini kwa kina Twaha. Alikuja na mtungi ambao Mama Lulwa alikuwa akiutamani kwa miaka mitatu.

Twaha ndiye aliyelibeba sanduku lake. Kwa mikono miwili, chini. Alinisalimu. Nilimwitikia kama ninavyowaitikia madereva wote.

Mtungi ulipotolewa, hata mimi pumzi iliniruka. Wajapani wanaiita kazi ile shippo. Fundi anachukua mtungi wa shaba, anasimamishia juu yake nyuzi za fedha nyembamba kuliko unywele, anachora nazo maua na ndege, halafu katikati ya nyuzi anajaza unga wa kioo cha rangi na kuuchoma tanuruni, tena na tena, kisha anasugua mpaka unang'aa. Huu ulikuwa wa buluu iliyoiva, wenye matawi ya waridi na ndege wawili weupe.

"Zaidi ya miaka mia na ishirini," Bwana Henry alisema kwa Kiingereza, mikono nyuma. "Hauna hata mkwaruzo. Kuna mteja mwingine anausubiri, lakini nilimwahidi Madam."

Mama Lulwa aliegemea fimbo yake. Nilimwona anavyoutazama. Alikuwa anamwona mumewe. Kisha akanigeukia, kama alivyozoea. "Arafa?"

"Mwache asogee aone, hata yeye ataupenda," Bwana Henry alisema kwa ukarimu, kama anayempa mtoto pipi.

Nilivua saa. Niliushika mtungi nikausoma chini. Jina lilikuwa sahihi, mkono wa yule fundi naujua. Nikapitisha mgongo wa kidole changu pole pole kuanzia shingoni. Kioo ni baridi. Ubaridi wake haukatiki. Nilipofika chini ya bawa la ndege wa pili, ubaridi ukakatika. Sehemu ya upana wa vidole vitatu ilikuwa na uvuguvugu, kama plastiki.

Nikarudia. Nikarudia tena. Kama nimekosea, nimemvunjia Mama Lulwa ndoto yake mbele ya mgeni. Kama sijakosea na nikanyamaza, basi Bi Sabra alikuwa na haki: mimi ni wa kuosha tu.

"Mama," nilisema kwa Kiarabu, "mtungi ni wa kweli. Lakini ulianguka. Hapa umejazwa kwa gundi na rangi, na hizi nyuzi za fedha si nyuzi. Zimechorwa."

Mama Lulwa alimtafsiria Bwana Henry, naye uso ukamwiva. "Haiwezekani. Madam, huyu si mfanyakazi wako wa ndani? Utachukua neno la msichana wa kazi?"

Sikumjibu. Nilivuta pazia, nikazima taa, nikatoa kwenye droo tochi yangu ya mwanga wa zambarau, ule unaoifanya gundi iwake. Mtungi wote ulibaki mweusi gizani. Chini ya bawa la ndege, doa kubwa likawaka jeupe kama maziwa, likishuka mpaka karibu na kitako.

Nilisikia fimbo ya Mama Lulwa ikigusa marumaru.

"Neno lake ndilo ninalolichukua," alimwambia Bwana Henry. "La kwako nimelisikia."

Bwana Henry ama alijua, ama naye aliuziwa vilevile. Sijui mpaka leo. Aliufunga mtungi wake kwa haraka, na alipofika mlangoni alimgeukia Twaha, aliyekuwa amesimama pale wakati wote. "Unamjua yule mwanamke?"

Twaha alinyooka. "Namjua, bwana. Yule ndiye mwanamke ninayetaka kumuoa. Na hakukosea."

Bwana Henry alitoka. Twaha alibaki kizingitini muda wa kuvuta pumzi moja, akanitazama, na macho yake hayakuomba tena kitu.

"Hilo ulipaswa kulisema jana," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Na si kwa Mzungu. Kwa mama yako."

"Najua," alisema. Akaubeba ule mzigo kwenda garini.

Jioni hakupiga simu, na mimi nililala na simu kifuani, nikijichukia kwa kusubiri. Nilimwita mara ngapi moyoni! Lakini kila nilipotaka kubonyeza jina lake, nilikumbuka ule ukimya wa mezani.

Jumapili, mara tu baada ya adhuhuri, mpishi wetu Asha alikuja mbio chumbani kwangu. "Arafa, kuna mama wa Kizanzibari sebuleni na masanduku yake garini. Anasema anataka kuonyeshwa vyombo."

Bi Sabra alikuwa amesimama katikati ya sebule kwa baibui ya safari, mkoba kwapani. Kutoka Najma uwanja wa ndege ni karibu. Kuja Al Rayyan ni kuupa mgongo. Mama Lulwa alikuwa amekwishamkaribisha kahawa, na Twaha alisimama ukutani, macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Mwanangu huyu jana kanikalisha chini tangu magharibi. Kaniambia kasema uongo, kwamba aliogopa, na kwamba uoga ni wake, si wako. Halafu kanieleza habari ya mtungi mpaka nikachoka." Alinikazia macho. "Mimi siamini ninachoelezwa. Naamini ninachokiona. Nionyeshe."

Nilimwomba ruhusa Mama Lulwa, akaashiria kwa fimbo kwamba chumba ni changu. Nikamwongoza. Alipofika kwenye kabati la kwanza, alinyoosha mkono kulishika sanduku la laka lenye korongo wa dhahabu. Mkono wake ulikuwa na bangili sita.

"Hapana, mama," nilisema. "Vua bangili kwanza. Na pete."

Twaha akafunga macho. Bi Sabra alinitazama kama vile nimemvua mtandio.

"Hizi," alisema, "sizivui hata nikilala."

"Basi utaangalia bila kugusa. Sheria ya chumba hiki ni moja. Hata mwenye nyumba huvua."

Sikuinamisha macho. Nilikuwa nampenda mwanawe kwa namna ya kuniumiza mbavu, na bado sikuinamisha macho. Kisha akaanza kuzivua, moja moja, kwa kutumia mate kidogo kwenye kifundo, akaniwekea mkononi dhahabu yake yote.

Nikamkalisha. Nikamtandikia kitambaa mapajani, nikamwekea sanduku. Nikamweleza: kila mstari ule wa dhahabu uliandikwa kwa utomvu wa mti kwanza, halafu vumbi la dhahabu likapulizwa juu yake kwa mrija wa mwanzi, ukakauka siku kadhaa, ukapakwa tena, ukasuguliwa kwa mkaa, tena na tena.

"Mara ngapi?" aliuliza.

"Hili nadhani mara thelathini."

Akalisogeza karibu na macho. Kidole chake cha shahada kilikuwa na ngozi ngumu, yenye vidoa vya sindano, nikashangaa.

"Nilipofiwa na mume wangu," alisema bila kunitazama, "nilishona kofia. Za vito, zile za matundu madogo ya sindano. Kofia moja miezi minne. Nimemsomesha Twaha kwa vitundu hivyo. Anakuja mtu anakwambia, kofia tu hii, mbona ghali?" Akalizungusha sanduku taratibu, kwa mikono miwili. "Huyu fundi hakuwa na haraka. Nani alikuwa akimlisha muda wote huo?"

"Sijui, mama. Jina lake ninalo. La mkewe halikuandikwa."

Alicheka, kicheko kifupi, cha kwanza. Halafu akanirudishia sanduku, nikalirudisha mahali pake, nikaiangalia bilauri ya maji, nikafunga kabati. Alikuwa akiiangalia mikono yangu kila hatua.

Twaha alikuwa amesogea mpaka katikati ya chumba. "Arafa," alisema, mbele ya mama yake, mbele ya Mama Lulwa aliyekuja kuegemea mlango, mbele ya Asha aliyejifanya kuleta kahawa. "Nimekukosea. Nilitaka mwanamke wa kujivunia, na nilikuwa naye, nikamtungia mwingine. Ukinisamehe nitakuoa hivi ulivyo. Usiponisamehe, bado nitawaambia watu jinsi ulivyo."

Nilitaka kumwacha asubiri. Nilikuwa nimejiandaa siku mbili kumwacha asubiri. Lakini machozi hayana adabu.

"Ukininyamazia tena mbele za watu," nilimwambia, "hutaniona ngazini. Utanisikia nimefika Muheza."

"Sitanyamaza."

"Basi nimekusamehe."

Asha alipiga kigelegele, kahawa ikamwagika kwenye sinia. Mama Lulwa, asiyejua neno la Kiswahili, aliuliza kwa Kiarabu kama kuna harusi, na akaambiwa huenda.

"Huenda nini?" Bi Sabra alisema, akizirudisha bangili zake mkononi moja moja. "Ndege yangu ni saa kumi na moja. Sina muda wa huenda. Nipe namba ya baba yako."

Nilimpa. Alivaa miwani, akabonyeza mwenyewe, akaweka simu sikioni na mkono mwingine kiunoni. Nilisikia ikiita, halafu nikasikia kwa mbali randa ikinyamaza na sauti ya baba ikisema haloo.

"Mzee Mbwana? Assalamu alaikum. Mimi Sabra, mama yake Twaha, wa Unguja. Hapana, hakuna baya, ni kheri tupu. Nakupigia nikiwa kazini kwa binti yako."